Vigae vya Kaole na Tongoni: umri wake unajulikanaje?

Bamvua_Kaole ameuliza:

Wakuu, salaam. Nawauliza wanaoijua akiolojia ya pwani yetu.

Huku Kaole na kuelekea Mlingotini, bahari ikila ufuko wakati wa bamvua, au mafundi wakichimba msingi wa nyumba, vinatoka vigae vya kila namna. Kuna vya vyungu vyekundu na vyeusi, vya mabakuli ya kijani yanayong'aa, vyeupe vyenye maua ya buluu, na shanga nyekundu ndogo kama punje za mtama. Kila anayeokota ana karne yake. Huyu anasema ya 8, yule ya 13 kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwa msikiti wa magofu. Wapo pia wanaosema kwamba makaburi ya Kaole na ya Tongoni yalipachikwa mabakuli ya Kichina, kwa hiyo ukishajua umri wa bakuli umeshajua umri wa kaburi.

Naomba kujua kigae kinasomwaje kwa macho kabla ya maabara, na kama kipimo cha kaboni kinamaliza ubishi. Tena, msingi ukishafunguliwa na vigae vikaonekana kwenye kuta za shimo, afanye nini mtu asiye mtaalamu ili asiharibu ushahidi wala kuvunja sheria?

---

Mwana_Mtangata amejibu:

Mkuu, anza na vile ambavyo wengi wanavitupa, vigae vya vyungu vya hapa hapa. Karibu kila mji wa kale wa pwani, toka Lamu hadi Kilwa, zaidi ya vigae tisa katika kila kumi ni vya vyungu vilivyofinyangwa na wenyeji. Vya kigeni ni vichache ila vinang'aa, ndiyo maana macho yanakimbilia huko.

Kigae cha tumbo la chungu hakina mengi ya kusema. Tafuta mdomo, shingo na bega, maana ndiko mfinyanzi alikochora. Mdomo mnene uliokatwa kwa pembe, au uliozungushiwa mifereji, unaelekea kwenye kundi la Kwale, lililopewa jina la Kwale ya Kenya baada ya Robert Soper kulieleza mwaka 1967. Hilo ni la karne za mwanzo BK, la wakulima waliokuwa tayari wanafua chuma. Ukiona shingoni pembetatu zilizochorwa kwa ncha udongo ukiwa mbichi, na ndani yake mistari ya mshazari au vitone, hapo uko kati ya karne ya 7 na ya 10 hivi. Kundi hili la pembetatu limeenea pwani yote na bara pia. Felix Chami alilifuatilia sana katika pwani ya kati ya Tanzania, kwenye tasnifu yake ya mwaka 1994. Baada ya hapo pembetatu zinapungua, na kuanzia karne ya 13 shingo inazungushiwa safu za vitone vilivyodungwa.

Sasa vya kigeni. Usiangalie rangi ya juu peke yake, geuza kigae utazame ulipovunjika.

Udongo laini wa manjano hafifu unaokwaruzika kwa ukucha, juu yake ganda nene la kioo la buluu inayoelekea kijani: hayo ni mapande ya mitungi mikubwa ya Ghuba ya Uajemi, karne ya 8 hadi ya 10. Udongo wa waridi au mwekundu uliopakwa tope jeupe, kisha mistari ikakwanguliwa hadi wekundu ukaonekana, juu yake kioo cha manjano au kijani: hiyo ni sgrafiato, karne ya 11 hadi ya 13, nyingi kutoka Uajemi. Udongo wa kutu wenye chembechembe, kioo cha manjano ya haradali na mistari myeusi: Yemeni, zaidi karne ya 14.

Hilo bakuli lako la kijani huenda ni seladoni, ambayo nyingi ilichomwa Longquan kusini mwa China. Udongo wake ni wa kijivu, mgumu, na kioo ni kinene. Geuza kitako: sehemu isiyopakwa kioo huungua tanurini ikawa na wekundu wa machungwa. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko kijani chenyewe, kwa sababu Waislamu wa Ghuba walitengeneza vyombo vya kijani pia, ila kwa udongo mwepesi wa waridi. Hapa kwetu seladoni ni ya karne ya 13 hadi ya 15, kisha kauri nyeupe yenye michoro ya buluu inashika nafasi.

Penye mtego mkubwa kwa Bagamoyo na Tanga ni hapo kwenye nyeupe na buluu. Vingi vinavyookotwa ufukweni si vya China hata kidogo. Ni mabakuli na sahani za Ulaya za karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, mengi ya Maastricht, Uholanzi, yaliyoletwa kwa shehena kubwa wakati misafara ya bara ilipokuwa ikiishia Bagamoyo. Dondosha tone la maji penye mvunjiko wa zamani. Kauri halisi haiwezi kulinywa, na mvunjiko wake unang'aa, huoni mahali kioo kinapoishia na udongo unapoanza. Cha Ulaya mvunjiko wake ni mkavu wa chaki, tone linazama, na kioo kinaonekana kama ganda lililovaa juu. Halafu tazama maua. Yaliyogongwa kwa muhuri wa sifongo yanajirudia yakiwa sawasawa pande zote, na yaliyochorwa kwa brashi hayafanani kamwe. Usikivunje upya kwa ajili ya kupima.

Mtu anaweza kuuliza Wachina wenyewe tumewajulia wapi tarehe. Ni kwa merikebu zilizozama. Iliyozama Sinan, Korea, ilikuwa na vibao vya mizigo vilivyoandikwa mwaka unaolingana na 1323, pamoja na maelfu ya seladoni za Longquan. Iliyookolewa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, mwaka 1998, ilibeba karibu vyombo 60,000, na bakuli moja lina maandishi yanayolingana na mwaka 826. Kilichozama siku moja kina tarehe moja. Kigae cha Kaole hulinganishwa na hivyo.

---

Tabaka_kwa_Tabaka amejibu:

Ndugu yetu hapo juu ameeleza vizuri sana. Ninachoongeza ni kwamba umri wa kigae na umri wa mahali ni vitu viwili, na ubishi wote anaousema mwuliza swali unatokana na kuvichanganya.

Chukua sakafu ya chokaa ambayo haijapasuka. Chini yake kuna vigae 30 vya pembetatu vya karne ya 9 na kimoja cha seladoni ya karne ya 14. Wengi watapiga kura, 30 kwa 1, na kusema karne ya 9. Sivyo. Sakafu ilipopigwa, seladoni ilikuwa tayari imekwisha kuvunjika na kutupwa pale, kwa hiyo sakafu haiwezi kutangulia karne ya 14. Anayeamua ni kigae kipya kuliko vyote, na kinaamua upande mmoja tu: si kabla ya hapo. Vile 30 vilitoka kwenye kifusi. Mjenzi wa zamani alifanya anavyofanya fundi wa leo, alichota udongo wa karibu akajaza, na udongo wa karibu ulikuwa jalala la mababu zake.

Ndiyo maana kuokota vigae vya pembetatu karibu na msikiti wa Kaole hakuurudishi msikiti karne ya 8. Kunasema kwamba watu waliishi hapo au jirani kabla ya jengo la mawe. Neville Chittick alichimba Kaole mwaka 1958, na ile karne ya 13 inayotajwa ni ya msikiti wa mawe ya tumbawe, haikusudii mtu wa kwanza kujenga kibanda pale. Miji yetu mingi ilianza kwa miti na udongo. Kwenye mji wa kale wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta mashimo ya nguzo za misikiti ya miti, mmoja juu ya mwingine, wa mwanzo ukiwa wa mwisho wa karne ya 8. Kama angeishia kwenye mawe angesema Uislamu ulifika pale zaidi ya karne moja baadaye.

Makaburi ya nguzo yana tabu yake. Tongoni, kilomita 17 hivi kusini mwa mji wa Tanga, kuna makaburi yapatayo 40, na ndiko yalikokusanyika kwa wingi kuliko mahali pengine pote pwani. Bakuli lililopachikwa kwenye nguzo linasema tu kwamba plasta ile haikupigwa kabla bakuli halijatengenezwa. Bakuli zuri lilikaa kwenye kidaka cha nyumba vizazi viwili au vitatu kabla halijaenda kaburini. Laweza pia kupachikwa kaburi lilipokarabatiwa. Na mabakuli mengi yameng'olewa zamani, limebaki duara kwenye chokaa. Usilidharau duara hilo. Pima kipenyo chake na kina chake, piga picha kwa mwanga wa ubavuni asubuhi au alasiri. Chapa ya pete ya kitako mara nyingi inatosha kutofautisha bakuli na sahani, na kina kinaonyesha kama chombo kilipachikwa plasta ikiwa mbichi au ukuta ulitobolewa baadaye.

Kuna wahamishaji wa vitu pia ambao hawahesabiwi. Kaa wa pwani anachimba zaidi ya mita moja, na shanga na vipande vya mkaa vinadondoka kwenye tundu lake hadi tabaka lisilo lake. Mizizi ya mnazi, mchwa, shimo la choo la miaka ya nyuma, kaburi lililokata tabaka za chini, vyote vinapeleka kipya chini na kuleta cha kale juu. Ukutani mwa shimo utaviona ukisugua kwa mwiko hadi udongo uwe tambarare kisha ukaunyunyizia maji kidogo. Tundu la kaa linatoka kama doa la mviringo lenye udongo mlegevu wa rangi tofauti. Kitu kilichotoka humo kitengwe, kisitumike kutoa tarehe.

Hii ya kupanga wakati kwa vyombo haikuanzia kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19 Flinders Petrie alikuwa na mamia ya makaburi ya Naqada, Misri, ya kabla ya mafarao, yasiyo na maandishi na wakati ambapo kaboni ilikuwa haijulikani. Akatazama mitungi yenye vishikio vya mawimbi pembeni. Kwenye mingine vishikio vinashikika, kwenye mingine vimenywea, na kwenye mingine vimebaki mstari wa pambo tu kwenye mtungi mwembamba. Akayapanga makaburi 900 kwa mfuatano huo, akaupa namba kuanzia 30 hadi 80. Hakuanza na 1 kwa makusudi, ili vya kale zaidi vikipatikana viwe na nafasi. Namba zile hazikuwa miaka. Zilisema tu nani alimtangulia nani, na wanaoshika vigae vya pwani leo bado wanaanzia hapo.

---

Chokaa_Neru amejibu:

Naongezea kuhusu kuta, maana wengi wanakarabati kwanza na kuuliza umri baadaye.

Plasta ya zamani ni ushahidi. Ukitazama pembeni ya mihirabu au nguzo ya kaburi penye mpasuko utahesabu tabaka za neru, yaani chokaa laini ya kumalizia ukuta, na kila tabaka ni ukarabati mmoja. Fundi akija na saruji akaifunika, hesabu imepotea na ukuta nao unaanza kufa. Tumbawe linanywa maji na chumvi kutoka ardhini kisha linapumua kupitia chokaa. Saruji haipumui. Maji yanabaki ndani, chumvi inakauka na kuwa fuwele nyuma ya plasta, baada ya misimu michache saruji inabanduka ikiwa na uso wa tumbawe uliong'ang'ania. Hapo umepoteza jiwe lenyewe.

Penye lazima ya kuziba, na kwa idhini ya wahusika, ni chokaa iliyolowekwa vya kutosha, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mchanga uoshwe kwa maji baridi, si wa ufukweni wala maji ya bahari. Mkono mmoja wa plasta usizidi milimita 10, na gunia bichi lining'inizwe mbele yake siku kadhaa. Chokaa inashika kwa kuvuta hewa ukaa taratibu, ikikaushwa na jua siku ya kwanza inakuwa unga.

Kwa tarehe sasa. Ndani ya chokaa ya kale mna vipande vidogo vya mkaa wa tanuri, maana tumbawe lilichomwa kwa magogo. Hivyo vinapimika, ingawa vinatoa umri wa mti si wa ukuta. Chokaa yenyewe ni hatari kuipima kwa haraka. Mara nyingi ina punje za tumbawe ambazo hazikuiva, na hizo zina kaboni ya kale mno, zinaufanya ukuta uonekane mzee kuliko ulivyo.

---

Bamvua_Kaole ameuliza tena:

Asanteni sana, mmenifungua macho. Sasa kwenye kaboni. Nimesikia mtu akisema ganda la kombe kutoka kwenye jalala limepimwa, na mkaa uliokuwa pembeni yake umepimwa, vikatofautiana mamia ya miaka. Ni maabara imekosea?

---

Tabaka_kwa_Tabaka amejibu:

La, maabara imepima sawa. Kombe anajenga ganda lake kwa kaboni ya bahari, na maji ya bahari yana kaboni iliyokaa kilindini muda mrefu. Kombe aliyevuliwa leo angeonekana ana miaka 400 hivi. Kuna masahihisho ya bahari yote, halafu kuna nyongeza ya kila pwani, kwa hiyo tarehe ya kombe isiyosahihishwa haifai kuwekwa pembeni ya tarehe ya mkaa.

Mkaa nao si wote sawa. Kaboni 14 hupungua nusu kila miaka 5,730, na saa inaanza pale sehemu ile ya mti ilipoacha kukua. Kiini cha gogo kubwa kilishakufa miaka mingi kabla shoka halijaufikia mti. Boriti ya mkoko nayo inakaa darini miaka 100 kisha inaishia jikoni. Kwa hiyo usipeleke kipande kikubwa kwa sababu ni kikubwa. Peleka kilichoishi mwaka mmoja au michache: punje ya mtama iliyoungua, kifuu cha nazi, kijiti chembamba chenye gome. Vipimo vya siku hizi vinatosheka na miligramu chache za kaboni, punje moja inaweza kutosha.

Jibu la maabara huja kama "800 kuongeza au kupunguza 30 kabla ya sasa". Hiyo "sasa" ni mwaka 1950, na 800 si miaka ya kalenda. Lazima ipitishwe kwenye mkunjo wa masahihisho, yaani mchoro unaogeuza umri wa kaboni kuwa miaka ya kalenda. Pwani yetu ina jambo lake hapo: kuna mkunjo wa kaskazini ya dunia na wa kusini, na sisi tuko kwenye ukanda ambako kaskazi inaleta hewa ya kaskazini na kusi ya kusini. Watafiti wengi huchanganya mikunjo yote miwili. Tofauti ni ya miongo michache, lakini kama unabishania mwanzo au mwisho wa karne ya 13, hiyo miongo ndiyo ubishi wenyewe. Ripoti isiyosema imetumia mkunjo gani, iulize.

Kwa vitu vya baada ya mwaka 1650 hivi, weka fedha yako mfukoni. Mkunjo unapanda na kushuka, tarehe moja inaangukia karne ya 17, ya 18 na ya 19 kwa pamoja. Bagamoyo ya misafara na ya Wajerumani inasomwa kwa sahani za Ulaya, chupa, shanga na nyaraka. Kaboni haina la kuongeza.

---

Kando_ya_Pangani amejibu:

Samahani kwa kuingilia. Na hii habari ya Rhapta, soko la kale la pwani? Wengine wanasema ilikuwa Pangani, au hata Tanga. Vigae vya Warumi vikipatikana si jibu?

---

Mwana_Mtangata amejibu:

Pangani ilipendekezwa zamani, na delta ya Rufiji imependekezwa pia. Hakuna mahali palipokubalika. Kitabu cha safari cha Wagiriki wa Misri cha karne ya 1 BK kinaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la Azania, lenye mitepe ya kushonwa kwa kamba, pembe za ndovu na magamba ya kasa. Maelezo hayo yanatosha bandari nyingi zenye mto.

Kigae kimoja cha Kirumi hakitoshi kuwa jibu. Bidhaa inatembea, inauzwa mara kumi. Kinachotakiwa ni makazi: tabaka lenye vyungu vya wenyeji vya karne za mwanzo, taka za chuma, mifupa ya samaki, na bidhaa za nje ndani ya tabaka hilo hilo, tena kwenye eneo linalolingana na soko kubwa. Ukingo wa Mto Pangani unahamahama na tope lake ni jingi, makazi ya miaka 1,900 huenda yako mita kadhaa chini au yamekwisha kuliwa na maji. Kutembea juu ya mchanga ukiokota hakutayafikia.

---

Mpima_Pwani amejibu:

Narudi kwenye swali la mwisho la mwuliza, maana msingi hausubiri.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inahesabu majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kuvichimba bila leseni ni kosa, kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Anayekuta anatoa taarifa. Njia nyepesi ni serikali ya kijiji au mtaa na afisa utamaduni wa wilaya, nao wafikishe Idara ya Mambo ya Kale. Mifupa ya binadamu ikionekana, kazi isimame pale pale na polisi wajulishwe pia, kwa sababu hakuna anayeweza kusema kwa macho kama ni ya karne ya 15 au ya juzi.

Kwa hiyo kwenye shimo la msingi huchimbi zaidi. Unaandika kile kilichokwisha kufunguliwa, nayo ni kazi kubwa ya kutosha. Safisha ukuta mmoja wa shimo kwa mwiko. Funga uzi kutoka kigingi hadi kigingi, uuweke sawa kwa pimamaji, kisha pima kutoka kwenye uzi kwenda chini: udongo unabadilika rangi sentimita ngapi, kigae kiko sentimita ngapi. Usipime kutoka juu ya ardhi, ardhi ina mteremko. Piga picha ukiwa umeweka rula ndani, mara moja ukuta mzima, mara moja kila kigae kikiwa bado kimekaa. Kivuli kiufunike ukuta wote au kisiwepo kabisa, nusu jua nusu kivuli haisomeki.

Udongo uliokwisha kutupwa juu unaweza kuchekechwa, lakini uandikwe wazi kuwa ni wa kifusi, hauna kina. Chekeche la tundu za milimita 5 linashika vigae na mifupa ya samaki wakubwa. Shanga zile nyekundu nyingi zina milimita 2 hadi 4, zinapita zote. Kwa hizo unahitaji tundu za milimita 2 na maji. Watu wanaposema mahali fulani hapana shanga, uliza kwanza chekeche lao.

Halafu eneo. Simu inatoa namba za mahali ulipo kwa mfumo wa kimataifa wa WGS84. Ramani zetu za zamani za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Ukichukua namba hizo za mahali ukaziweka kwenye ramani ile bila kuzigeuza, unahama karibu mita 300, na hapa Kaole mita 300 zinakutoa kijijini zikakuweka mikokoni. Andika namba, andika na jina la mfumo. Tanga na Bagamoyo zote ziko kanda ya 37 Kusini ya gridi ya ramani ya UTM.

Vigae visisuguliwe. Brashi laini, maji baridi, kivulini. Vilivyotoka karibu na bahari vina chumvi: viloweke kwenye maji baridi, ubadilishe maji kila siku kwa siku kadhaa, la sivyo chumvi inakauka na kuling'oa ganda la kioo. Vyenye rangi inayotoka kwenye kidole visiguswe na maji kabisa. Masizi ya ndani ya chungu yaache, ndimo mabaki ya chakula yalimo. Mkaa usioshwe, usishikwe kwa mkono wenye mafuta, usifungwe kwa karatasi wala pamba, maana hizo nazo ni kaboni. Ufungwe kwenye foili ya aluminiamu, kisha mfuko. Lebo mbili, moja ndani moja nje, kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida unafutika kwa unyevu wa pwani kabla ya masika mawili.

---

Bamvua_Kaole ameuliza tena:

Nimeelewa. Na kama mwenye kiwanja amekubali kusogeza msingi, lile shimo lililofunguliwa lifukiwe vipi? Au libaki wazi hadi mtaalamu afike?

---

Mpima_Pwani amejibu:

Lisibaki wazi. Mvua moja ya masika inaangusha kuta, na watoto na mbuzi wanamaliza kilichobaki. Tandika mfuko wa sandarusi au turubai kuukuu chini na ukutani, utoboe matundu ili maji yasisimame. Mwaga mchanga safi wa rangi tofauti na udongo wa pale, sentimita 10 zinatosha, halafu ndipo urudishe kifusi. Mtaalamu akija baada ya mwaka au miaka 20, mwiko wake utagonga mchanga ule na atajua hapo ndipo mlipoishia. Na chini kabisa, juu ya sandarusi, weka sarafu ya mwaka huu. Asiye na habari yoyote ya msingi wenu atasoma sarafu na kujua shimo halikufukiwa kabla ya mwaka huo.